Mtoto Anaijua Chupa, Hajui Kilichomo

Wazazi wengi hapa Nairobi huniuliza kuhusu soketi za umeme na ngazi za ploti. Ni maswali mazuri. Lakini mimi ni daktari wa watoto, na kila mara ninapompokea mtoto aliyemeza sumu, jambo la kwanza ninalouliza ni chombo: sumu hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya nini?

Chukua mafuta ya taa. Hata nyumba iliyohamia gesi huweka stovu chini ya meza kwa ajili ya siku mtungi unapoisha, na mafuta hununuliwa kidogo kidogo kwenye chupa ya soda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anachojua ni kwamba chupa kama ile ndiyo anayonyweshewa maji. Anapiga funda moja, anapaliwa. Mafuta hayo ni mepesi mno na huteleza upesi, kwa hiyo akikohoa au akitapika yanaingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoumia zaidi. Ndiyo maana nawasihi: msimtapishe. Msimtie kidole kooni, msimpe maji ya chumvi, msimpe maziwa. Maziwa yamepewa sifa mitaani kwetu kuwa dawa ya kila sumu, na sifa hiyo inaumiza watoto. Hapa yanajaza tumbo na kuleta matapishi tu. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mleteni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima huwa tunamwangalia kwa saa sita hivi, kwa kuwa homa na kuhema kwa kasi huweza kuanza baadaye.

Sabuni ya maji inayopimwa kwa lita na kostiki ya kuzibua sinki huwekwa kwenye chupa zizo hizo. Kostiki huunguza umio, na kovu linalobaki laweza kuubana hadi mtoto ashindwe kumeza hata uji.

Sasa nije kwenye kitu ambacho karibu hakuna mzazi anayekihofia: vidonge vya kuongeza damu. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa kawaida kila kimoja kikiwa na miligramu 60 za chuma. Mara nyingi mama huyo ana mtoto mwingine anayetambaa au anayeanza kukimbia. Vidonge vinakaa kwenye mkoba au juu ya kabati la televisheni, vidogo, laini, vya rangi, mfano wa peremende. Fanyeni hesabu nami. Dalili za sumu ya chuma huweza kuanza mtoto akimeza takriban miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Zikipita 60 kwa kilo, maisha yake yamo hatarini. Kwa mtoto wa kilo 10, vidonge vinne vyatosha kumdhuru, na kumi vinamfikisha kwenye mpaka huo wa pili. Kinachonitisha zaidi ni jinsi sumu hii inavyodanganya. Mtoto hutapika na kuharisha, pengine damu, kisha anatulia kwa saa kadhaa. Familia inamshukuru Mungu na kulala. Kumbe chuma kinaendelea kuharibu ini na kudhoofisha moyo. Msingoje. Hesabuni vidonge vilivyobaki na mje navyo. Mama akija kliniki na tumbo la pili huku wa kwanza yuko mgongoni, anastahili kuulizwa na yeyote anayempa vidonge: utaviweka wapi?

Kuna maji pia. Kwa sababu ya mgao, nyumba zetu zimejaa ndoo, mabeseni na madramu. Mtoto anayejifunza kusimama ana kichwa kizito; akiinamia ndoo na kuzama kichwa, hawezi kujiinua, na wala hapigi kelele. Sentimita chache za maji zatosha. Ndoo iwe na kifuniko kinachobana (sufuria iliyowekwa juu si kifuniko), na beseni la kufulia limwagwe mara nguo zikishaanikwa.

Mwisho, betri bapa za duara, zile kama sarafu, zilizomo kwenye rimoti, mizani na vichezeo vinavyoimba. Ikikwama kwenye umio, mkondo wake wa umeme huzalisha kemikali kali yenye tabia ya kostiki, na ndani ya saa mbili nyama ya ndani imeungua vibaya. Hata betri iliyochoka hufanya hivyo. Dalili zake zafanana na mafua: mate kumdondoka, kikohozi, kukataa chakula. Kama mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu aimeze betri, mpeni vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali isiwacheleweshe hata kidogo, na aliye chini ya mwaka asipewe kabisa. Anahitaji eksirei mara moja. Mkifika mapokezi, semeni ni betri kabla hamjaulizwa habari za SHA, bima ya afya ya serikali.