Mbuyu: jina lililotoka kwenye tunda

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu mbuyu ni kama jina lake lina maana ya unene. Halina. Shina ndilo linalomshangaza mgeni, lakini jina limefuata tunda: buyu huzaliwa na mbuyu, kama embe na mwembe, nazi na mnazi.

Kutoka hapo jina likazaa mengine. Unga mweupe wenye ukakasi unaozishika mbegu ndani ya buyu ni ubuyu. Mbegu hizo zikipikwa na sukari na rangi nyekundu, Mombasa huitwa mabuyu. Unguja na Dar es Salaam hubaki ubuyu. Hupaswi kuutafuna, unaumung'unya polepole huku maneno yakiendelea, na pengine ndiyo maana siku hizi mtu wa Dar akikwambia "nipe ubuyu" anataka umbea. Kibuyu nacho ni cha ukoo huo kwa jina tu: vibuyu vingi vya maji na maziwa hutokana na mmumunye, mmea unaotambaa wa jamii ya maboga. Ila ganda la buyu pia hukaushwa likatumika kuchotea maji, kwa hiyo majina kukutana si ajabu.

Na "baobab", jina la mbuyu kwa Kiingereza, je? Mwaka 1592 tabibu wa Kiitalia, Prospero Alpini, aliandika habari za tunda alilolikuta Misri, akaliita bahobab. Mti wenyewe si wa asili ya huko. Kilichofika sokoni Kairo ni tunda. Wengi hulirejesha neno hilo kwenye Kiarabu, bu hibab, yaani lenye mbegu nyingi. Basi hata vikopo vya ubuyu vinavyouzwa Ulaya, ulikoruhusiwa kama chakula mwaka 2008, vina jina la tunda.

Wanasayansi ndio waliolisahau. Mbuyu wao huuita Adansonia digitata: Adansonia ni heshima kwa Michel Adanson, Mfaransa aliyeuchunguza mti huu Senegal mwaka 1749, na digitata ni kwa sababu jani limegawanyika kama vidole vya mkono.

Shina, kwa upande wake, limepata nafasi kwenye misemo. Ni pana kiasi kwamba wawili wakienda upande wa pili hawaonekani, na kuzunguka mbuyu ni kutoa rushwa.