Matendo mema na wokovu: tunayosema na yaliyoandikwa

Kwenye misiba yetu hukosi kusikia: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, amesomesha yatima, amechangia kanisa, mbinguni keshafika." Ni maneno ya faraja, sina ugomvi nayo. Ila yamebeba dhana kwamba Mungu ana mizani kama ya muuza sukari: mema upande huu, dhambi upande ule, halafu anatazama wapi kumelemea.

Waefeso 2:8-9 inakataa mizani hiyo. Tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu". Bahati mbaya wengi tumekariri mpaka hapo tukafunga Biblia. Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Anayedai kwamba akishaokoka matendo si kazi yake, amesoma nusu ya sentensi.

Dhana inayonisumbua zaidi ni hii: Paulo na Yakobo wanapingana. Kwa kweli wanaonekana hivyo. Warumi 3:28, ya Paulo, inasema mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema kwa matendo, si kwa imani peke yake. Na shahidi wao ni mmoja, Ibrahimu! Hata Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, alikwama hapo. Katika dibaji ya Agano Jipya lake la Kijerumani la 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, akauhamishia karibu na mwisho wa kitabu, ingawa hakuuondoa.

Sasa tazama kila mmoja anajibu nani. Paulo anashika Mwanzo 15, Ibrahimu alipoamini ahadi ya uzao akahesabiwa haki. Tohara inakuja baadaye, sura ya 17, na hapo ndipo hoja yake ilipo, maana kuna watu walitaka Wamataifa, yaani wasio Wayahudi, watahiriwe kwanza. Yakobo anashika Mwanzo 22, Isaka juu ya madhabahu, miaka mingi baadaye. Yeye anamjibu mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula "mkaote moto na kushiba", kisha hampi kitu. Imani ya namna hiyo, anasema, hata mashetani wanayo, na wanatetemeka. Paulo asingembishia, ndiye aliyeandika "imani itendayo kazi kwa upendo" (Wagalatia 5:6).

Vijiweni utasikia pia kwamba Wakatoliki wanafundisha kuokolewa kwa matendo. Kanuni ya kwanza ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu kuhesabiwa haki, ya 1547, inamlaani anayesema mtu anaweza kupata haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hilohilo. Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti zipo bado, lakini si hiyo.

Halafu kuna wale wanaojificha nyuma ya mhalifu wa msalabani, yule aliyesulubiwa pamoja na Yesu akaahidiwa peponi: "Mbona yeye hakutenda lolote?" Soma tena Luka 23. Alimkemea mwenzake, akakiri kosa lake, akamtetea Yesu wakati umati unamdhihaki. Pale msalabani alikuwa amebakiwa na mdomo tu, akautumia.