Hela ya muda ndiyo hela gani?

Miaka kadhaa nyuma nilitafsiri mkataba wa ujenzi wa madarasa. Ndani yake kulikuwa na kifungu kirefu cha "interim payments". Ilikuwa saa tano usiku na kazi inatakiwa asubuhi, nikaandika "malipo ya muda", nikasonga mbele. Wiki haikuisha, mkandarasi akanipigia.

"Dada yangu, samahani. Hii hela ya muda ndiyo hela gani? Tunapewa tuishike, halafu mnakuja kuichukua?"

Niliomba radhi, maana hakuna neno nililoweza kujitetea nalo. Kwa Kiswahili kitu cha muda kitaondoka: kibanda cha muda hubomolewa, kibarua wa muda huachishwa. Hela ile haiondoki. Mkandarasi huilipwa kazi ikiwa bado inaendelea. Msingi umekamilika, mhandisi amepima na kusaini hati, analipwa. Kuta zimefika kwenye linta, analipwa tena. Hesabu za mwisho hufungwa jengo likishakabidhiwa. Nilitakiwa kuandika "malipo ya awamu", basi.

Tangu siku hiyo, nikikutana na neno lolote la ukoo huu huwa najiuliza kwanza: hapa kinasubiriwa nini?

"Interim" ni Kilatini kitupu, na huko kwao lilikuwa kielezi: wakati huo wa katikati. Halisemi kwamba kitu ni dhaifu wala kwamba kitavunjwa. Mwaka 1548 Kaisari Charles V alitoa amri mjini Augsburg, Ujerumani, kuhusu mambo ya dini yaendeje hadi mtaguso mkuu wa Kanisa utoe uamuzi. Amri yenyewe ikaitwa Interim, yaani "kwa sasa hivi tukingoja". Kwetu Tanzania tulikuwa na Katiba ya Muda ya 1965, iliyongoja katiba ya kudumu hadi 1977. Miaka 12! Hapo "ya muda" naikubali bila ubishi, kwa kuwa ilipokuja ya kudumu ile ya kwanza iliondoka kweli, hata kama haikuwa na haraka. Afrika Kusini ya kwao ya mpito ilianza Aprili 1994, na Februari 1997 ikawa imeshapokewa na ya kudumu.

"Provisional" ni jambo jingine. Kitu kimeshatolewa ila kinangoja kuthibitishwa. Matokeo ya uchaguzi yakiitwa hivyo, hayataondoka, ila yanaweza kurekebishwa, na magazeti yetu yanafanya vizuri kuyaita matokeo ya awali.

Tukija kwa watu, kazi inakuwa tamu. "Acting" halitusumbui, tunaye kaimu. Neno hili tulilipata kwa Waarabu: qaim maqam ni mtu anayesimama mahali pa mwingine. Sasa mwangalie daktari anayeshikilia zahanati ya mwenzake aliye likizo. Waingereza humwita "locum", mkato wa maneno ya Kilatini locum tenens, mshika mahali. Wafaransa nao walisema jambo hilohilo kwa maneno yao, lieu tenant. Waingereza wakaazima, wakapata "lieutenant", nasi tukapata luteni. Kwa hiyo yule kijana mwenye nyota mbili begani na yule kaimu mkurugenzi anayesaini barua zako ni ndugu wa mbali: mmoja kashika mahali, mwingine kasimama mahali.

Angalia lakini, kaimu mwenye kiti chake anaweza kurudi Jumatatu. Kocha wa muda kiti chake kiko wazi, mwenyewe kashafukuzwa. Roberto Di Matteo alishika Chelsea hivyo Machi 2012, na Mei akabeba Ligi ya Mabingwa pale Munich. Juni wakamfanya wa kudumu. Novemba wakamtimua. Wa muda alikuwa na uhai mzuri kuliko wa kudumu, na hakuna tafsiri itakayoliokoa hilo.

Kwa vitu vya kuungaunga nina machache ya kusema. "Stopgap" ni cha kuzibia pengo, picha ni ileile kwa lugha zote mbili. "Makeshift" ni cha kubangaiza. "Jury mast" ni mlingoti wa dharura unaosimamishwa ule wa awali ukivunjwa na dhoruba, na hilo "jury" halina uhusiano wowote na "jury" ya mahakamani, yaani wazee wa baraza. Nawaambia vijana wanaoanza kazi hii, maana kamusi ya haraka itawaingiza chaka.

Kinachobaki ni ule wakati wenyewe wa katikati. Kwenye "meanwhile" na "meantime" lile "mean" ni "katikati", limepitia Kifaransa cha zamani, halihusiani na kumaanisha wala na uchoyo. Watangazaji wa habari hupenda "wakati huohuo". Ikiwa ni hadithi, mimi huandika "huku nyuma", kama bibi yangu alivyosimulia: sungura kaenda kisimani, huku nyuma fisi kaingia nyumbani.

Gumu kwangu limebaki "interregnum", yaani kipindi kati ya mfalme mmoja na mwingine, kiti kikiwa kitupu. Waingereza walimkata kichwa Charles wa Kwanza Januari 1649, na mwanawe hakurejeshwa kwenye kiti hadi Mei 1660. Katikati pakawa na jamhuri, kisha Oliver Cromwell aliyetawala bila kuwa mfalme, kisha mtoto wake. Wengi huandika "kipindi cha mpito". Lakini mpito una unakokwenda. Serikali ya mpito ya Kongo, 2003 hadi 2006, ilikuwa inakwenda kwenye uchaguzi, na kila mtu alijua hivyo. Mwaka 1655 Mwingereza gani angekuambia wanakwenda wapi?

Mabaharia wa pwani wanalo neno. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika, upepo unageukageuka na nahodha hajui tanga alielekeze wapi. Wanaita tangambili. Nililiweka kwenye tafsiri moja ya historia ya Uingereza, kwenye kichwa cha sura kabisa. Mhariri akalifuta kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "kipindi cha mpito". Kitabu kikatoka hivyo. Kwenye faili langu bado ni Tangambili.