Eti fasihi linganishi mpaka ujue Kifaransa?

Kuna mdogo wangu mmoja hapa Dodoma kamaliza digrii ya Kiswahili, anatamani sana masta ya fasihi linganishi, yaani kusoma kazi za fasihi za lugha na tamaduni tofauti kwa kuziweka pamoja, ila kashakata tamaa, eti hana Kifaransa. Nimeona niandike maana haya maneno nayasikia kila siku.

Dhana ya kwanza ndo hiyo, kwamba lazima uwe na lugha tano sita. Hapana jamani. Kikubwa uwe na lugha mbili tatu za kusomea kazi yenyewe, sio za kuombea maji tu. Na huyu binti ana Kiswahili, ana Kingereza cha shule, ana Kigogo cha nyumbani, ila Kigogo hakukihesabu kabisa! Hapo ndo huwa naumia. Wakati naandika tasnifu nilikaa na bibi yangu kule Bahi, anamenya karanga huku anasimulia, fisi akaja, akakaa, akasema, mimi narekodi. Kufika kwenye kutafsiri kwa Kingereza nikakwama, maana kile, mnyama akiongea kama mtu kwenye hadithi, mara nyingi kinataka uchague "he" au "she", yaani fisi ni wa kiume au wa kike, nikarudi kumuuliza. Bibi akashika karanga mkononi akaniangalia, "Fisi ni fisi, mjukuu wangu." Kigogo na Kiswahili vyote havina hiyo shida, na mimi bila ile hadithi ya fisi nisingeliona hilo jambo, nikaliandikia sura nzima.

Ya pili, eti kulinganisha ni kutafuta nani kaiga nani, au ipi bora. Chukua Mwalimu Nyerere, mwaka 1969 alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Shakespeare kwenye jina la tamthilia kamtaja mfanyabiashara mmoja, Mwalimu kaweka mabepari, tena wengi, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa. Swali sio kama alikosea, swali ni lile neno lilikuwa linabeba nini Tanzania ya wakati ule, na hapo unaweza kukesha.

Wengine wanasema kusoma tafsiri hakuhesabiki. Goethe, yule mwandishi wa Ujerumani, mwaka 1827 alipotangaza kwamba zama za fasihi ya dunia zimefika, alikuwa katoka kusoma riwaya ya Kichina, kwa tafsiri.

Kuhusu ajira sikudanganyi, ni ngumu kama kwa wengine, ila uhariri, tafsiri na ualimu vinamhitaji mtu wa hivi.

Mdogo wangu nimemwambia likizo hii aende kwao Mpwapwa akamrekodi bibi yake kwanza, fomu tutajaza wote akirudi.