Hali ya Sport Haiongezi Nguvu za Injini

Kwa miaka mingi madereva wengi wameamini kwamba kuliweka gari la spoti katika hali ya Sport, yaani mpangilio wa uendeshaji ambao dereva huuchagua, huliongezea nguvu za farasi. Sivyo. Katika Porsche 911 ya kizazi cha 992, pedali ya mafuta hupeleka ishara kwa kompyuta, nayo ndiyo huamua injini iitikie vipi; kwa hiyo, katika Sport, mkanyago uleule mdogo huleta msukumo mkubwa zaidi, na gia hukawia kupanda. Hisia hiyo ni ya kweli, ndiyo maana inashawishi. Lakini pedali ikikanyagwa hadi mwisho, nguvu ya juu kabisa haibadiliki. Tofauti ya nguvu imo katika toleo lenyewe la 911: Carrera ya 2019 ilikuwa na nguvu za farasi 385, Carrera S 450, kwa msaada wa turbo kubwa zaidi, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini.