Je, wajua kwa nini kupesti ni V na si P?

Julai Mbeya si mwezi wa kuchapa. Vidole vinakakamaa, na wateja wakiingia steshenari na makoti yao wanasogea karibu na mashine ya kopi, maana ndiyo yenye joto. Siku moja mwalimu wa shule ya msingi kutoka Uyole aliniletea flashi yenye mtihani wa majaribio, akitaka maswali yapangwe upya. Akavuta kiti, akanitazama nikihamisha swali la 7 kwenda la 3, la 12 kwenda la 5.

"Wewe mbona mausi huigusi?"

Nikamwonyesha: Ctrl na X inakata, Ctrl na C inakopi, Ctrl na V inapesti, yaani inabandika. Akafikiri kidogo.

"Kukopi C, sawa. Sasa kupesti V ya nini? Si ingekuwa P?"

Tazama kibodi yako, safu ya chini kabisa ya herufi, kuanzia kushoto: Z, X, C, V. Zimekaa bega kwa bega, na Ctrl iko palepale chini yake. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinashika Ctrl, vingine vinahudumia hizo nne: Z kurudisha ulichoharibu, X kukata, C kukopi, V kupesti. Mkono wa kulia unabaki huru, kwenye mausi au kwenye kikombe cha chai. P iko ng'ambo ya pili ya kibodi, na tayari ina kazi yake ya kuprinti. Isitoshe, maumbo ya herufi yenyewe yanasaidia kukumbuka. X ni kama mkasi uliofunguliwa. V ni kama kile kialama anachochora mwalimu juu ya mstari mwanafunzi akiruka neno, kwamba "hapa ingiza". Mteja wangu alicheka, kwa sababu karatasi aliyonishikisha alikuwa ameichora alama hiyo mara tatu.

Mtu anayetajwa sana katika historia ya kukata na kupesti ni Larry Tesler, Mmarekani aliyefanya kazi PARC, maabara ya kampuni ya Xerox huko California, miaka ya 1970. Yeye na mwenzake Tim Mott walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy. Wazo lenyewe lilitoka kwenye meza za wahariri, ambao walikuwa wanakata karatasi kwa mkasi hasa na kubandika kwa gundi hasa. Baadaye Tesler alihamia Apple, na kompyuta yao ya Lisa ya mwaka 1983 ikaja na Z, X, C na V kama tunavyozijua. Apple walikuwa na kitufe chao maalumu cha kushikilia. Windows nayo ikaja kuzichukua, ila kwa Ctrl.

Kwa nini lazima ushikilie kitufe kingine? Hapa ndipo penye utamu. Kabla ya hapo, programu nyingi za kuandikia zilikuwa na hali mbili. Ukiwa kwenye hali ya kuandika, herufi d ni herufi d. Ukiwa kwenye hali ya amri, d hiyohiyo ni amri ya kufuta. Ukisahau uko hali gani, umekwisha. Pale pale PARC kulikuwa na programu iitwayo Bravo, na kisa chake kinasimuliwa mpaka leo. Mtu anadhani anaandika neno la Kiingereza edit, kumbe yuko kwenye hali ya amri. E ikachagua dokumenti nzima, d ikaifuta, i ikafungua nafasi ya kuandika, t ikaandikwa. Kazi yote ikabaki herufi moja. Tesler aliuchukia mtindo huo kiasi kwamba hata kibao cha namba cha gari lake kilisomeka NO MODES, yaani hizo hali hazitakiwi. Alichotaka ni kwamba herufi ibaki herufi siku zote, na ukitaka kutoa amri ushike kitufe kingine kwa makusudi. Kwa hiyo Ctrl inafanya kazi ya komeo.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu kukopi ambalo naliona linawatesa wanachuo karibu kila siku. Ukikopi kitu, kompyuta inakiweka kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu yenye nafasi ya kitu kimoja. Ukikopi kingine, cha kwanza kinatupwa bila kuaga. Ndiyo maana mtu anakata aya nzima ya ripoti ya field, anakwenda kukopi tarehe mahali pengine, akirudi kupesti anapata tarehe. Ukiona hivyo usiendelee kuandika, rudi nyuma kwa Ctrl na Z mpaka aya ionekane. Kwenye Windows 10 na 11 ipo dawa nyingine: badala ya Ctrl na V, bonyeza kitufe cha Windows na V. Mara ya kwanza itakuuliza kama uiwashe. Ukikubali, inaanza kutunza vitu 25 ulivyokopi karibuni, nawe unachagua unachotaka. Kwenye laptopu yako ni neema. Kwenye kompyuta ya dukani mimi nimeizima, kwa sababu wateja wanakopi namba za kitambulisho na nywila za maombi ya chuo, na anayekaa baada yao angezisoma zote zimejipanga.

Kinachookoa muda kuliko vyote ni Ctrl na H, tafuta na badilisha. Nacho ndicho kilichowahi kuniaibisha.

Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na wilaya za Mbozi, Ileje na Momba zikahamia huko. Baada ya hapo nilipata wateja wengi wenye nyaraka za zamani zilizotaka kurekebishwa. Mmoja alikuja na ripoti ya chama cha wakulima wa kahawa wa Mbozi, kurasa karibu 40. Nikajiona fundi. Nikaiambia Word: popote penye Mbeya weka Songwe, badilisha zote. Sekunde moja, kazi imekwisha, nikafunga faili na kupokea hela.

Kesho yake ripoti ikarudi. Barabara ya Mbeya kwenda Tunduma ilikuwa imegeuka barabara ya Songwe kwenda Tunduma. Mkutano wa Mbeya mjini ulikuwa umefanyika "Songwe mjini", wakati makao makuu ya mkoa huo yako Vwawa. Kali kuliko zote ilikuwa sentensi ya wageni waliopokelewa "uwanja wa ndege wa Songwe, mkoani Songwe". Uwanja huo jina lake ndilo hilo la Songwe, lakini wenyewe uko mkoa wa Mbeya! Na kwa kuwa faili nilishalifunga, Ctrl na Z haikuwa na cha kurudisha, maana kumbukumbu ya hatua zako inaondoka na faili likifungwa. Nilirudia kurasa zote kwa macho, bure.

Kompyuta haijui maana, inalinganisha herufi tu. Ukiiambia ibadilishe "kata" iwe "kijiji", itakwenda mpaka ndani ya mkataba na kukuandikia "mkijijiba". Kwa hiyo ipe kipande kirefu kisichoweza kuchanganywa: "Mkoa wa Mbeya" iwe "Mkoa wa Songwe", si "Mbeya" peke yake. Kwa maneno mafupi, fungua sehemu ya zaidi kwenye dirisha hilohilo na uweke alama kwenye neno kamili tu. Kama bado una wasiwasi, pitia moja moja badala ya kubadilisha zote. Kurasa 40 utazimaliza kabla chai haijapoa, hata kwa baridi ya huku.

Kuhusu Ctrl na S, ya kuhifadhi, sina maneno mengi, umeme umeshawafundisha watu. Sababu ni kwamba unachoandika kinakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo bila umeme haishiki kitu. Kuhifadhi ndiko kunakokipeleka kwenye diski. Word ina utaratibu wa kujihifadhia nakala ya dharura, lakini kwa kawaida umewekwa kila baada ya dakika 10, na dakika 10 za mchapaji mwepesi ni ukurasa mzima.

Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili nayo inaondoka. Inatokea kwa sababu programu inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Bonyeza Ctrl na A kuchagua yote, nenda sehemu ya lugha, weka Kiswahili au weka alama ya kutokagua tahajia. Usipofanya hivyo utazoea kupuuza wekundu, na siku umekosea kweli hutauona.

Halafu majina ya mafaili. Flashi ya mwalimu ilikuwa na MTIHANI MPYA, MTIHANI MPYA SAHIHI na MTIHANI MPYA SAHIHI 2, na mwenyewe hakujua ni lipi. Ukianza jina kwa tarehe, anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-07-14. Kompyuta inapanga majina kuanzia kushoto, hivyo ukianza na siku, tarehe 1 Desemba itakaa juu ya tarehe 2 Januari. Ukianza na mwaka, kila kitu kinajipanga kama kalenda, na la mwisho ndilo jipya.

Swali la mwisho la mtihani mwalimu alitaka alihamishe mwenyewe. Nikampisha kiti. Akashika Ctrl na X, swali likatoweka, akashtuka kidogo kisha akatabasamu. Akashuka mpaka mahali alipopataka, akabonyeza Ctrl na P, akamalizia na Enter kwa kujiamini kabisa. Printa ikaamka, ikaanza kutema karatasi.

"Hiyo inalipiwa, mwalimu."