Kiacheni Kisukuku Kilipo: Ushahidi wa Hali ya Hewa ya Kale Umo Kwenye Udongo

Mvua za masika zikikatika na makorongo yakiwa yamemomonyoka upya, wananchi huanza kufika maofisini kwetu, tunakoshughulikia malikale (vitu vya kale), wakiwa na visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Wengine huileta kwenye mfuko wa salfeti, wengine wameifunga kwenye kipande cha kanga, na karibu wote wameiosha kwanza ili ionekane vizuri. Tunawashukuru kwa dhati, maana wangeweza kuitupa au kuiuza. Lakini tukiuliza swali letu la kwanza, yaani umeitoa wapi na kwenye tabaka lipi, jibu mara nyingi huwa ni neno moja tu: "Korongoni." Hapo sehemu kubwa ya thamani ya mfupa ule imeshapotea, na hakuna maabara duniani inayoweza kuirudisha.

Malalamiko nayo yameongezeka: kwamba tunakataza watu kugusa vitu vilivyo kwenye mashamba yao, kwamba tunachukua mifupa bila kulipa, kwamba watafiti wa kigeni wanaruhusiwa kubeba udongo wakati mwanakijiji anakatazwa kuokota jino. Yanastahili majibu.

Mfupa peke yake hutuambia ni wa mnyama gani. Udongo ulioushika ndio unaotuambia mnyama huyo aliishi lini, kando ya ziwa la magadi au penye chemchemi ya maji baridi, kwenye msitu au kwenye nyasi tupu. Mfupa ulioondolewa mahali pake bila kumbukumbu ni sawa na majibu ya maabara yasiyo na jina la mgonjwa: kipimo ni cha kweli, lakini daktari hawezi kumtibu mtu kwacho.

Tuanze na Laetoli, kusini mwa bonde la Olduvai. Wengi wanazijua nyayo zilizogunduliwa pale mwaka 1978, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.66. Wachache wanajua kwamba jivu la volkano lililozihifadhi lina pia vishimo vidogo vya matone ya mvua. Matone yale yaliangukia jivu jipya, likalowa kiasi cha kutosha tu, likapitiwa na ndege, tembo, digidigi na viumbe waliotembea kwa miguu miwili, likakauka na kugandamana, kisha jivu jingine likafunika. Mvua kubwa ingelisomba, na kiangazi kikali kingeliacha lipeperushwe na upepo. Ndiyo maana watafiti walihitimisha kwamba jivu lile lilianguka pale kiangazi kilipokuwa kinaisha na mvua za kwanza zinaanza. Fikirieni: tunaweza kusema habari ya majuma machache ya mwaka mmoja, miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita, kwa sababu tabaka lenye unene wa sentimita chache halikuvurugwa.

Pale pale Laetoli kuna ushahidi wa aina nyingine, nao ni wa kile ambacho hakipo. Katika matabaka ya zama za nyayo zile tunapata digidigi, sungura, kobe, mayai ya ndege, konokono wa nchi kavu na hata vifuko vya wadudu waliojichimbia ardhini. Viboko na mamba hawapatikani. Kwa hiyo tunajua kwamba karibu na pale hapakuwa na mto mkubwa wala ziwa la kudumu. Kaboni iliyomo kwenye enameli, yaani tabaka gumu la nje la meno, huonyesha nani alikula majani ya miti na nani alikula nyasi, kwa sababu miti na nyasi za nchi za joto hufyonza kaboni kwa njia tofauti. Ukiweka yote pamoja unapata nchi ya miti, vichaka na nyasi vilivyochanganyika, yenye kiangazi cha kweli. Miti ilikuwa mingi kiasi gani, wataalamu bado wanabishana, na taasisi haipaswi kusema zaidi ya ushahidi ulipofikia.

Sasa mtu aokote jino la kiboko kwenye bonde jingine, alibebe, kisha alichoke na kulitupa Laetoli. Amefanya kosa kubwa kuliko anavyodhani, maana hitimisho letu lote kuhusu maji linategemea kutokuwepo kwa jino kama hilo.

Olduvai yenyewe nitaipita haraka, kwani imeandikwa sana. Fuvu la zamadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959 lilipewa umri wake mwaka 1961 kwa kupima potasiamu na agoni, elementi ambazo uwiano wake hubadilika kadiri miaka inavyopita, katika majivu ya volkano yaliyolizunguka. Udongo wa mfinyanzi wa chini ya bonde unaonyesha palikuwa na ziwa la chumvi na magadi lililokuwa likipanuka na kusinyaa, na nta ya majani ya kale iliyobaki ndani ya udongo huo inaonyesha miti ikipisha nyasi na nyasi zikipisha miti, sambamba na mzunguko wa takriban miaka 21,000 unaotokana na kuyumba kwa mhimili wa dunia. Hata nta ya jani hudumu, mradi tabaka limeachwa likiwa tabaka.

Suala la watafiti kubeba udongo ninataka kulieleza kwa kirefu, maana ndilo linalozua maneno mengi, hasa Kilwa na Lindi.

Chini ya mashamba ya wilaya hizo kuna udongo mzito wa mfinyanzi uliotulia kwenye sakafu ya bahari makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Ndani yake mna maganda ya foraminifera, viumbe wa bahari wadogo ambao wengi wao hawafiki hata milimita moja. Kinachofanyika ni hiki. Mtambo huchoronga, na bomba hutoka na mche mrefu wa udongo. Kila kipande huandikwa kina chake na upande wake wa juu. Kipande kikifika maabara hulowekwa, huoshwa juu ya chekeche laini mpaka mfinyanzi wote uondoke, na kinachobaki hukaushwa. Mtafiti hukaa na darubini na brashi nyembamba yenye ncha iliyoloweshwa, akiokota ganda moja baada ya jingine. Ni kazi ya miezi.

Maganda ya Kilwa yanang'aa kama kioo. Yale yanayotoka kwenye mashapo ya chokaa ya bahari kuu mengi huwa yamefifia na kuwa meupe, kwa sababu maji ya baridi ya sakafu ya bahari yaliyapenya na kuyafanya yajijenge upya. Hilo liliwahi kuwapotosha wanasayansi: walipopima oksijeni ya maganda yale yaliyobadilika, ambayo ndiyo hutumika kukadiria joto la maji, bahari za tropiki za kale zilionekana kuwa na ubaridi usioelezeka, ilhali nchi za kaskazini na kusini ya mbali zilikuwa na joto. Mfinyanzi wa Tanzania haukupitisha maji, maganda yake yakabaki kama yalivyokuwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, pamoja na sampuli za aina hiyo kutoka sehemu nyingine, yalionyesha kwamba uso wa bahari za tropiki katika zama zile ulikuwa na nyuzi joto zisizopungua 28 hadi 32. Mwaka 2009 maganda ya pwani hiyo hiyo yalitumika kupima kaboni dayoksaidi (hewa ukaa) ya angani takriban miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ya Antaktika ilipojengeka. Makadirio yalikuwa kwamba barafu ile ilianza kukua hewa ukaa ilipopungua hadi kufikia takriban sehemu 760 kwa milioni. Uchorongaji huo ulifanyika kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, na kipimo hicho leo hutumiwa na dunia nzima kuelewa barafu inaumbika na kuyeyuka kwa kiwango gani cha hewa ukaa.

Baada ya hayo yote bado tunaambiwa watafiti wanatafuta mali ya Mjerumani. Au zebaki. Au ramani ya dhahabu. Hapana. Ndani ya foraminifera hamna dhahabu, na mfupa uliogeuka jiwe hauna dawa yoyote. Wapo watu wanaozunguka vijijini wakinunua "mawe ya mifupa" kwa ahadi hizo, na kila anayewauzia amesaidia kuvunja ukurasa wa historia ya nchi hii kwa bei ya chakula cha siku moja. Hili linatuchosha na linatuumiza, na sioni sababu ya kulizungumza kwa lugha laini.

Anayetaja Tendaguru, kwa upande mwingine, ana hoja nzito. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, mkoani Lindi, mifupa ya dinosaria ya takriban miaka milioni 150, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kusafirishwa Berlin. Msimamizi wa kazi ile, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi wa hali ya juu, na jina lake linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Taratibu za leo zipo ili uondoaji wa namna ile usirudiwe. Niziseme basi kwa ukamilifu.

Kwa Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina sheria yake. Sheria ya Bara inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inalinda pia visukuku vya binadamu, vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea. Mtu anayekutana na kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa mara moja, na wajibu huo unamhusu pia mwenye shamba anayejua kwamba kitu kimeonekana kwenye ardhi yake. Anza kwa Mwenyekiti au Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yeye atapeleka taarifa kwenye kata na wilaya, nako wilayani itafikishwa kwa wahusika wa malikale. Usikichimbe wala kukiosha. Usikipake gundi. Piga picha mbili kwa simu: moja ya karibu ukiwa umeweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, moja ya mbali inayoonyesha ukuta mzima wa korongo. Kama mvua inakaribia na kitu kinaweza kusombwa, kifunike kwa udongo wa pale pale, weka alama, ondoka. Wachimba mchanga na kokoto wasimamishe kazi kwenye ukuta ule tu. Si lazima machimbo yote yafungwe, kama wengi wanavyoogopa.

Kuchimba bila kibali, kuficha, kuuza au kusafirisha nje bila idhini ni makosa ya jinai, na mahakama inaweza kutoa adhabu ya faini au kifungo. Leseni ya madini si kibali cha kuchukua visukuku. Miradi mikubwa ya barabara na ujenzi ina wajibu wake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tathmini ya athari iangalie malikale kabla greda halijawashwa.

Mtafiti naye, awe Mtanzania au mgeni, anahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na kibali hicho peke yake hakimruhusu kuchimba. Lazima awe na leseni ya uchimbaji kutoka kwa mamlaka ya malikale, barua za utambulisho za mkoa na wilaya, na sampuli zikienda kupimwa nje ziwe na idhini yake tofauti, hata kama ni debe moja la mfinyanzi. Serikali ya kijiji ina haki ya kuomba kuona karatasi zote hizo kabla jembe halijagusa ardhi, kuzisoma, na kunakili namba zake kwenye daftari la kijiji. Mtafiti halali huzitoa bila kuombwa mara mbili. Anayesema amezisahau mjini asubiri azilete, na akianza kuchimba bila kuzionyesha, Afisa Mtendaji atoe taarifa polisi siku hiyo hiyo.